Hivi ndaki za uhandisi na viwanda wanashirikiana kweli, au wanapiga picha za kusaini tu?

#1 BoltiLegevu

Wakuu, habari. Swali hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa.

Mimi ni mhandisi mitambo, huu ni mwaka wa kumi na moja niko kiwandani upande wa matengenezo. Mapokezi kwetu kuna fremu mbili za kioo, kila moja ina hati ya makubaliano kati ya kampuni na ndaki ya uhandisi ya chuo kikuu fulani. Utafiti wa pamoja, mafunzo, kubadilishana wataalamu, vyote vimo humo kwa maandishi ya kupendeza. Miaka yote hiyo kilichotoka huko kuja kwetu ni wanafunzi wa fildi. Kilichotoka kwetu kwenda huko ni mota mbovu tulizowapa za kujifunzia kufungua na kufunga.

Mwaka juzi nikasema ngoja nijaribu. Tuna pampu inatafuna beringi, kila baada ya wiki sita hivi, upande uleule. Nikaandika barua ndakini, nikaambatanisha vipimo vya mtetemo, picha, kila kitu. Barua ikaenda kwenye kamati. Baada ya miezi minane nikaletewa andiko la mradi wa miaka mitatu, mwanafunzi mmoja wa uzamivu, kichwa cha andiko kirefu kuliko shafti yenyewe. Kumbe wakati huo fundi wetu mmoja, hana hata cheti, alishalala chini ya mota akagundua mguu mmoja haukai sawasawa kwenye kitako. Ukikaza bolti, fremu ya mota inapinda na shafti zinaacha kulingana. Akaweka shimu, kibati chembamba cha kujazia pengo chini ya mguu. Nusu saa.

Nauliza kwa nia njema kabisa: ushirikiano huu upo? Na kama haupo, kinachokwamisha ni nini?

#2 Gia_ya_Tano

Kamati ya beringi 😂 Mwenyekiti, katibu, na mjumbe kutoka idara ya grisi.

#3 MsomiMchovu

Mleta uzi, mimi nipo upande wa pili wa barua yako. Si chuo chako, lakini barua za aina hiyo nimezipokea nyingi.

Ulichokuwa unataka ni fundi, ukaenda kuomba utafiti. Mguu wa mota usiokaa vizuri ni jambo linalojulikana tangu enzi za babu zetu kitaaluma, limo kwenye vitabu vyote vya matengenezo. Mwanafunzi wa uzamivu hawezi kupewa shahada kwa kugundua kinachojulikana. Kwa hiyo msimamizi wake anafanya nini? Analichukua tatizo lako dogo analivuta mpaka lizae kitu kipya, na hapo ndipo miaka mitatu inapotoka. Wewe unahesabu wiki, yeye anahesabu ada na muda wa usajili wa mwanafunzi.

Halafu la pili, ambalo hatupendi kulisema hadharani: napandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa. Pampu yako hata ningeitengeneza ikazunguka miaka ishirini bila kelele, kwenye fomu yangu ya kupandishwa cheo itakaa mstari mmoja chini kabisa, penye "huduma kwa jamii", pamoja na kusimamia mitihani.

#4 Mama_Torki

Msomi kasema kweli lakini kaishia nusu. Mnajadili kana kwamba ushirikiano ni kitu cha kuombana kwa barua. Unatakiwa uwe ndani ya ratiba.

Mwaka 1906 Herman Schneider pale University of Cincinnati alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi. Aliwagawa wawiliwawili. Wiki hii mmoja yuko darasani, mwenzake kiwandani. Wiki ijayo wanabadilishana. Kiwanda hakikukosa mtu hata siku moja kwa sababu nafasi ilikuwa na watu wawili, na mhadhiri hakuweza kufundisha upuuzi kwa sababu Jumatatu mwanafunzi anarudi na maswali ya mashine aliyoishika Ijumaa. Hakuna kamati hapo.

Leo fildi ni wiki nane za likizo. Kijana anafika, wiki ya kwanza anaelekezwa njia za dharura, ya pili anazoea, ya saba anaandika ripoti. Ni nani atamkabidhi kitu cha maana?

#5 MwakaWaNne

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo huyo wa wiki nane 😅 Fildi yangu ya mwaka wa pili nilipanga faili za michoro kwa namba. Ya mwaka wa tatu nikapandishwa daraja, nikazipanga kwa tarehe.

#6 Gia_ya_Tano

Marahaba mwanangu. Wa nne utazipanga kwa rangi.

#7 KaliperYaZamani

Mnazunguka. Jibu ni ardhi na pesa. Chuo kikuu cha Stanford walitenga ardhi yao mwaka 1951 wakakaribisha kampuni, pakazaliwa Hewlett-Packard, na mji mzima wa teknolojia ukaota pembeni. Ndaki ikikaa karibu na kiwanda, mengine yatajileta.

#8 NusuKipenyo

Mzee Kaliper, tarehe zako zimepindana kama fremu ya ile mota. Hewlett-Packard ilianzishwa 1939. Eneo la viwanda la Stanford ni 1951 kweli, ila mpangaji wake wa kwanza ni Varian Associates. Ndaki ilitangulia kuzaa kampuni, ardhi ikafuata miaka kumi na mbili baadaye.

Na kilichoizaa kinafaa kusimuliwa. William Hewlett alikuwa anaandika tasnifu pale Stanford kuhusu saketi ya kuzalisha mawimbi ya sauti. Tabu ya saketi hizo ilikuwa wimbi kuyumba ukubwa wake. Yeye akachomeka balbu ndogo ya kawaida kwenye njia ya kurudisha ishara: wimbi likikua, waya wa balbu unapata moto, ukinzani wake unapanda, wimbi linashushwa. Balbu! Frederick Terman, aliyekuwa mwalimu wao, akawasukuma yeye na David Packard waiuze. Studio za Walt Disney zikanunua mashine nane. Hakukuwa na hati kwenye fremu, palikuwa na mwalimu anayejua nani nje ya chuo anahitaji nini.

#9 KaliperYaZamani

Nimekubali kupigwa. Lakini mwalimu wa namna hiyo umpate wapi leo? Nimesoma miaka mitano, mhadhiri wetu wa michoro ya mashine alikuwa hajawahi kuona kiwanda kwa ndani. Alitufundisha toleransi, yaani kipimo kinaruhusiwa kukosea kiasi gani, kama mtu anayesimulia ndoto.

#10 SaketiFupi

Nje ya mada kidogo, mleta uzi: hiyo mota inaendeshwa moja kwa moja au kuna kifaa cha kielektroniki cha kubadilisha kasi? Nijibu kwanza hili kabla sijasema ninachotaka kusema.

#11 BoltiLegevu

Kuna kifaa cha kubadilisha kasi, tulifunga miaka mitatu iliyopita. Kwa nini?

#12 SaketiFupi

Basi ile shimu siiamini sana. Vifaa hivyo hukata umeme vipande vipande kwa kasi kubwa, na kwenye shafti hujengeka volteji inayotafuta njia ya kwenda ardhini. Njia ya karibu ni beringi. Cheche ndogondogo zinaitoboa mpaka njia ya vigololi inakuwa na michirizi iliyopangana kama bati. Beringi ya zamani mliitupa au ipo? Ipasue ukaangalie.

Sasa kwenye mada. Kwangu mimi kinachoua ushirikiano ni karatasi. Tasnifu yangu ya uzamili nilifanya na kampuni, chuo kikasaini mkataba wa usiri bila mtu kuusoma mpaka mwisho. Nilipomaliza, kampuni ikasema sura ya nne isitoke. Sura ya nne ndiyo ilikuwa matokeo. Nilitetea tasnifu mbele ya watahiniwa wawili waliosainishwa kutunza siri, kisha ikafungiwa kabatini miaka mitano. Mpaka leo nikiulizwa kwenye usaili nilifanya nini, naanza kuongea kwa mafumbo.

#13 Gia_ya_Tano

Watahiniwa au watahini mkuu? Au na wao walikuwa wanafanya mtihani?

#14 SaketiFupi

Watahini. Asante mwalimu wa lugha.

#15 Mwanasheria_wa_Spana

Nimeona neno mkataba nikaamka. Kesi mbili ambazo kila mkuu wa ndaki angetakiwa azijue.

Ya kwanza, Stanford na kampuni ya Roche, Mahakama ya Juu ya Marekani, 2011. Mtafiti alisaini na chuo kwamba *anakubali kuja kukabidhi* haki za uvumbuzi wake. Baadaye akaenda kampuni ya Cetus kujifunza mbinu fulani ya maabara, akasainishwa fomu ya mgeni, na fomu ile ikasema *anakabidhi sasa hivi*. Maneno hayo mawili yalikigharimu chuo umiliki wa peke yake, maana Roche ilikuwa imechukua biashara hiyo ya Cetus. Watu walidhani sheria ya Bayh-Dole ya 1980, inayoruhusu vyuo kubaki na hataza (hati za kumiliki uvumbuzi) za utafiti uliolipiwa na serikali, inakipa chuo haki moja kwa moja. Mahakama ikasema hapana, haki inaanza kwa mvumbuzi.

Ya pili, chuo kikuu cha Carnegie Mellon na kampuni ya Marvell. Profesa na mwanafunzi wake walibuni namna ya kusoma data kwa usahihi kwenye diski za kompyuta palipo na kelele. Hataza ikaandikishwa, ikaja kesi, baraza la wazee wa mahakama likataja zaidi ya dola bilioni moja mwaka 2012, na mwaka 2016 wakamalizana kwa dola milioni 750. Tangu hapo kila ofisi ya hataza ya chuo inaota milioni 750, na kila kampuni ikiona mwanasheria wa chuo inafunga dirisha.

#16 NusuKipenyo

Ndiyo maana nawapenda watu wa chuo cha Berkeley. Mwaka 1973 walitoa SPICE, programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta kabla hujaitengeneza. Iligawiwa kwa gharama ya mkanda. Viwanda vikaichukua, wahandisi wakairekebisha, wanafunzi waliohitimu wakaenda nayo kazini, na mpaka leo ukifungua programu nyingi za kuiga saketi ndani yake utakuta damu ya SPICE. Mngeiwekea hataza na ada ingebaki Berkeley inapigwa vumbi.

#17 Mwanasheria_wa_Spana

Mfano mzuri lakini unachagua upande mmoja. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake pale Oxford walipata kobalti oksidi kama upande chanya wa betri ya lithiamu. Chuo kikakataa kugharamia hataza. Haki zikaenda kituo cha serikali cha Harwell. Sony wakaingiza betri sokoni 1991, ziko kwenye simu unayoandikia hapa. Goodenough alipata Nobel 2019 akiwa na miaka 97, lakini chuo hakikuvuna hela ya betri ile.

#18 MsomiMchovu

Sahihisho dogo: hiyo ilikuwa maabara ya kemia isokaboni, si ndaki ya uhandisi. Kwenye uzi huu tusije tukajipa sifa za majirani.

#19 Mwanasheria_wa_Spana

Sawa profesa, ila betri haijui idara.

#20 FundiMchundo

Naandika polepole, mtanisamehe. Nilikuwa msimamizi wa karakana ya ndaki moja miaka ishirini na sita, nimestaafu. Nimesoma wote mliotangulia na sijaona mtu aliyetaja karakana.

Wakati naanza tulikuwa mafundi tisa: wakerezaji watatu, wachomeleaji wawili, mtu wa vifaa vya vipimo, mtu wa kusubu, wawili wa umeme. Viwanda vilikuwa vinakuja. Haviji kwa mkuu wa ndaki, vinakuja kwangu mlango wa nyuma. Gia imevunjika, kampuni iliyoitengeneza haipo tena, mtu anakuja na vipande kwenye ndoo. Tunapima, tunachora, tunakereza. Nikiona jambo limenizidi, kwa mfano chuma kinavunjika mahali ambapo hakitakiwi kuvunjika, nampandishia profesa wa metali ghorofani. Anashuka na kioo cha kukuzia. Miradi yake miwili mikubwa ilianzia kwenye ndoo yangu. Na mwanafunzi alikuwa amesimama hapohapo anaona yote.

Kisha wakaanza kustaafu mmoja mmoja. Kila anayeondoka, nafasi yake haijazwi, kwa kuwa fundi hachapishi makala. Zikaja kompyuta za kuiga mitambo, nzuri sana, sizibezi. Mimi nilipotoka walibaki wawili. Mashine za kukereza zipo, zimefunikwa turubai, wageni wakija zinafunuliwa.

Kwa hiyo ndugu Bolti, barua yako ilipelekwa kwenye kamati kwa sababu mlango wa nyuma haupo tena. Zamani ungekuja na beringi mfukoni.

#21 BoltiLegevu

Mzee wangu, heshima yako. Umenifanya nisome mara mbili.

#22 NusuKipenyo

Shikamoo mzee. Na historia iko upande wako. James Watt hakuwa profesa wala mwanafunzi pale Glasgow, alikuwa fundi wa vifaa vya chuo. Mwaka 1763 akapewa atengeneze kielelezo cha injini ya mvuke ya Newcomen cha kufundishia. Akaona mvuke unapotea bure kwa kupasha na kupoza silinda ileile, na 1765 akapata wazo la kuupozea mvuke kwenye chombo cha pembeni. Joseph Black, aliyekuwa anafundisha habari ya joto fiche hapohapo chuoni, alikuwa mtu wa kuzungumza naye. Ndoo ya fundi na ghorofa ya profesa, kama ulivyosema.

#23 MsomiMchovu

Malizia hadithi basi, maana inanisaidia mimi. Wazo la 1765, hataza 1769, na injini za kwanza za biashara 1776. Miaka kumi na moja! Mfadhili wa kwanza, Roebuck, alifilisika njiani. Na hata baada ya kumpata Boulton, injini isingefanya kazi bila silinda iliyotobolewa kwa usahihi, na usahihi huo ulipatikana kwa mashine ya John Wilkinson ya 1774, iliyobuniwa kwa ajili ya mizinga ya vita. Wazo lilikuwa sahihi siku zote hizo, lilikuwa linasubiri kiwanda kijue kutoboa.

Shida ninayoiona mimi ipo hapo katikati. Wenye kipimo cha NASA wanagawa ukomavu wa teknolojia ngazi tisa. Ndaki inaishi ngazi ya kwanza mpaka ya nne: kimewaka maabara, tumepiga picha, tumechapisha. Kiwanda kinataka kununua ngazi ya nane. Ya tano, sita na saba, pale pa kukiweka kifaa kwenye vumbi na joto na mtu wa zamu ya usiku asiyekipenda, hapana mwenyewe. Hapamletei mtafiti makala na hapamletei kampuni faida.

#24 Mama_Torki

Wajerumani pale kati wameweka mtu. Fraunhofer, shirika lao la taasisi za utafiti, tangu 1949, kazi yake ndiyo hiyo ya ngazi za katikati, na wakurugenzi wa taasisi zake kwa kawaida ni maprofesa wa chuo kikuu cha jirani. Mtu mmoja kofia mbili. MP3 ilitoka kwenye mpango huo kule Erlangen, chuo na taasisi mlango kwa mlango.

#25 KaliperYaZamani

Na pesa ya kuwa Fraunhofer ipo? Tunarudi kwenye ardhi na pesa, nilisema mimi.

#26 MwenyeFaili

Nimekuwa nikisoma kimya. Nafanya kazi ofisi ya ushirikiano ya ndaki moja, mimi ndiye mnayemcheka. Fremu hizo nazinunua mimi.

Niwaeleze inavyokuwa. Kila mwaka natakiwa kuripoti idadi ya hati zilizosainiwa. Haliulizwi lingine. Hati iliyozaa miradi sita na hati iliyolala, zote ni moja moja. Kwa hiyo mwezi wa mwisho wa mwaka wa ripoti natafuta mtu wa kusaini naye kama mtu anayetafuta usafiri usiku.

Lakini nanyi wa viwandani hamjambo? Nawapigia simu: leteni tatizo. Najibiwa "tuna matatizo mengi". Lipi? "Mengi." Nikimtuma mtafiti, anapokelewa na mtu wa rasilimali watu, anazungushwa kiwandani na kofia ya plastiki, anarudishwa getini. Vipimo haoni, eti ni siri. Huyu Bolti aliyeambatanisha data za mtetemo ni mtu wa pekee, na ningempata mimi ningemtafutia mtu kwa wiki moja, kamati ingejulishwa baadaye.

#27 MsomiMchovu

Hilo la upokeaji lina jina kabisa. Cohen na Levinthal waliandika mwaka 1990 kwamba kampuni hufyonza maarifa ya nje kwa kadiri ya utafiti inaofanya yenyewe ndani. Isiyo na hata mtu mmoja anayepima na kuandika, hata ukiipa jibu kwenye sahani haitalitambua kuwa ni jibu.

#28 BoltiLegevu

Profesa, kwetu wa kupima na kuandika ni mimi na daftari langu. Sasa mimi ndiyo idara ya utafiti?

#29 Gia_ya_Tano

Hongera kwa uteuzi.

#30 MwakaWaNne

Samahani wakubwa, mbona hamuongelei kufundisha? Kabla ya kufika kiwandani tunakaa darasani miaka minne tunanakili ubao. Nilisoma uchambuzi wa 2014 uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: wanaofundishwa kwa mihadhara mitupu walifeli karibu asilimia 34, wanaofundishwa kwa kushirikishwa karibu asilimia 22. Na Aalborg kule Denmark tangu 1974 wanafunzi wanajifunza kwa miradi kwenye vikundi, mingi inaletwa na kampuni. Sisi mradi tunauona mwaka wa mwisho, na mwaka wa mwisho ndiyo unaambiwa chagua kwenye orodha ya miradi ambayo kaka zetu walishaifanya.

#31 MsomiMchovu

Kijana, hoja yako nzito. Lakini darasa langu lina wanafunzi wengi kuliko viti, na kila mwaka kuna mtu anapendekeza nipunguze hisabati niongeze "ujuzi". Beringi ya Bolti hutaielewa bila kujua wimbi la mtetemo linavyogawanyika kuwa masafa. Ukiniondolea hilo nitakupa fundi nusu na mhandisi nusu.

#32 Mama_Torki

Na usipomwonyesha beringi, atajua masafa bila kujua yanatoka wapi. Nimempokea mhitimu mwenye daraja la kwanza, anafumbua milinganyo kama anasoma gazeti. Nikampa mchoro wenye toleransi ya vijisehemu vya milimita, akaniuliza hizi namba ndogo pembeni zinahusu nini. Sikumcheka, kosa si lake.

Ugomvi wenyewe ni mkongwe. MIT walivutana karne moja iliyopita: William Walker alitaka wanafunzi wa uhandisi kemikali wakae viwandani, wakafungua shule ya vitendo mwaka 1916 ndani ya viwanda vyenyewe. Arthur Noyes alitaka sayansi ya msingi kwanza, asikubali chuo kiwe karakana ya kukodishwa. Mwisho Noyes akahamia Caltech. Vyuo vyote viwili vimekuwa vikubwa, kwa hiyo hata hapo usiniulize nani alishinda.

#33 FundiMchundo

Mama Torki, huyo kijana wa toleransi angekuwa kwangu wiki mbili tu angejua. Unampa fito na kaliper, unamwambia itoshee hapa. Haitoshei. Anajua.

#34 SaketiFupi

Bolti, nasubiri ile beringi.

#35 BoltiLegevu

Nimeipata stoo, iliyotolewa kabla ya shimu. Nimeipasua leo mchana. Njia ya nje ina michirizi kwa sehemu, siyo mzunguko mzima. Mfano wa bati ndiyo, lakini upande mmoja tu imekwaruzika vibaya zaidi. Na grisi ilikuwa nyeusi.

#36 SaketiFupi

Nilisema! Umeme huo. Weka brashi ya kutuliza shafti ardhini na beringi yenye kizio, isiyopitisha umeme, upande wa pili.

#37 Mama_Torki

Subiri kwanza. Kukwaruzika upande mmoja ni mzigo unaovuta kuelekea huko. Bomba la kutolea limeshikiliwa na nini? Legeza bolti za flanji uone bomba linaruka kwenda wapi. Likiruka, pampu ndiyo inayobeba bomba.

#38 FundiMchundo

Grisi nyeusi naweza kusema ni grisi mbili zimechanganywa. Muulize wa zamu anatumia kopo lipi.

#39 MsomiMchovu

Nione aibu kusema hivi, lakini sababu nne zinazoingiliana kwenye mota moja yenye kifaa cha kubadilisha kasi... hapo kuna kazi ya uzamivu.

#40 Gia_ya_Tano

KAMATI IMERUDI 😂😂😂

#41 MwenyeFaili

Bolti, nitumie ujumbe wa faragha. Siahidi kitu, na fremu sileti.

#42 MwakaWaNne

Mimi natafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Nipo tayari kuja na daftari langu. Faili sipangi tena.

#43 BoltiLegevu

Wote nawajibu taratibu, nipo zamu. MwakaWaNne nitafute, ila lete viatu vya usalama, vyetu vimeisha. MwenyeFaili nimekutumia.

Halafu kuna taarifa nilikuwa sitaki kuileta. Tangu jana usiku imeanza kulia tena. Shimu ipo, miguu yote nimeipima upya, inakaa.

#44 FundiMchundo

Inalia upande wa pampu au wa mota?